Nyumba Yake, Mtaa Wake

Maneno ya Kamati ya Wazazi na Walezi katika mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu. Yamechapishwa hapa kama yalivyosomwa, ili wana-Chang'ombe walio mbali nao wayapate kabla ya siku ya harambee.

 

Sisi ni wazazi, dada, kaka na bibi wa watu wenye ulemavu wa akili hapa Chang'ombe. Tunaanza na shukrani. Kwa miaka mingi harambee ya umoja huu imeezeka madarasa, imelipia wagonjwa na imezika watu wetu kwa heshima. Mwaka huu mmesema fedha iende kwa ndugu zetu hawa. Wengi wetu tuliposikia tulilia, na hatuoni haya kulisema.

Lakini kuna jambo la kuamua kabla ya kuchanga. Pendekezo lililo mezani ni kujenga kituo kikubwa cha kulala, kwenye eka ambazo mwenzetu mmoja amejitolea kuzitoa huko Mkuranga, ili wote wenye ulemavu huu wapelekwe wakatunzwe huko. Moyo wa aliyetoa ardhi ile tunauheshimu. Hata hivyo kamati imekaa vikao vingi na imekubaliana kuwaomba jambo jingine: fedha hii iwasaidie watu wetu waishi hapa hapa Chang'ombe, katika nyumba zao, na msaidizi awafuate walipo. Tunaomba mtusikilize sababu zetu.

Tunamzungumzia nani

Tusafishe kwanza lugha, maana mtaani mambo yamechanganywa. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote, katika umri wowote, na una dawa; ndiyo maana kuna hospitali kama Mirembe kule Dodoma. Ulemavu wa akili mtu huzaliwa nao au huupata utotoni. Anajifunza polepole, anapata shida kuhesabu fedha, kusoma saa, kupanga siku yake, pengine hata kujieleza. Hauna kidonge. Unahitaji kufundishwa, kuzoewa na kuvumiliwa.

Mtindio wa ubongo nao ni jambo lake: unaathiri viungo na mwendo, na wapo wengi wenye mtindio ambao akili yao ni timamu kabisa, ila ulimi hauwatii. Usonji ni jambo lake pia. Mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja kati ya haya. Maneno kama "zezeta" na "taahira" tuyaache yazikwe na waliotuachia.

Na jambo la mwisho kuhusu lugha: tunawaita "watoto", lakini wengi wao ni watu wazima. Wana ndevu, wana mvi. Mtu wa miaka arobaini anayeitwa mtoto huishia kupangiwa kila kitu kama mtoto, mpaka rangi ya shati.

Kwa nini swali hili limetufikia sasa

Zamani swali la nani atamlea mtu huyu wazazi wakiondoka halikuulizwa sana, kwa sababu ya huzuni: wengi hawakufika utu uzima. Chukueni watu wenye sindromu ya Down. Karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo. Hata Marekani, nchi yenye hospitali zote zile, wastani wa maisha yao mwaka 1983 ulikuwa kama miaka 25. Leo ni kama miaka 60. Na huku kwetu, chanjo, dawa za malaria na upasuaji wa moyo vimebadilisha mambo pia. Hii ni neema. Maana yake ni kwamba watoto wetu sasa wanatuzika sisi.

Shule zimejitahidi. Uhuru Mchanganyiko na Sinza zimefundisha watoto wa mji huu kuvaa, kuhesabu, kuimba na kushika ufagio. Kuna chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu pale Yombo. Lakini shule ina mwisho. Kijana anamaliza, anarudi nyumbani, anakaa barazani. Mama anamwogesha, anampa dawa, anajua kwamba akinyamaza hivi ana njaa na akinyamaza vile anaumwa jino. Mama huyo ana miaka sabini na ana presha. Kila mmoja wetu katika kamati hii hulala na swali lile lile: siku nikifumba macho, nani atamtazama?

Tunaijua nyumba moja ya mtaa wetu. Baba alitangulia, mama akafuata. Walibaki ndugu watano, wa nne akiwa na ulemavu wa akili, mtu wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa na kazi yake: alimchotea maji mama lishe kila asubuhi na kulipwa chai na maandazi mawili. Mechi ikiwapo uwanjani alisimama njiani kuelekeza magari, na madereva wakamtii. Kutoka Maduka Mawili mpaka Unubini hakuna aliyekuwa hamjui. Baada ya arobaini, nyumba iliuzwa, kila mmoja akapata chake. Hatuwalaumu ndugu zake. Wana watoto, wana ada, wana kodi. Yeye alipelekwa kwa dada Chanika, kisha kwa kaka Kibaha. Huko hakuna aliyemjua. Akawa anafungiwa ndani ili asipotee. Siku mlango ulipoachwa wazi alitoka kutafuta njia ya Chang'ombe, akaonekana baada ya siku tatu, miguu imevimba.

Mgawo wake wa mirathi alipewa. Alichopoteza ni mtaa. Yule mama lishe, wale madereva, yule muuza magazeti aliyekuwa akimrudisha nyumbani jioni, wote walikuwa sehemu ya matunzo yake, na hakuna aliyewahesabu siku nyumba inauzwa.

Wenzetu walivyojenga, na wenzetu walivyofunga

Mtu anaweza kusema: ndiyo maana tujenge kituo, awepo mahali pa kudumu. Kabla hatujajenga, tutazame waliojenga.

Uingereza, karibu na mji wa Bristol, palikuwa na hospitali binafsi iliyoitwa Winterbourne View, yenye vitanda 24 kwa watu wenye ulemavu wa akili na usonji. Fedha ilikuwapo: kila mtu alilipiwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Majengo yalikuwa safi. Mwaka 2011 mwandishi wa BBC aliingia kwa siri kama mfanyakazi, akarekodi wahudumu wakiwapiga, wakiwaburuta na kuwamwagia maji watu ambao hawakuweza kujitetea. Hospitali ikafungwa. Wafanyakazi 11 walikiri makosa mahakamani na 6 wakafungwa. Ndugu wa wale wagonjwa walikuwa wakija kutembelea, lakini walipokelewa sebuleni. Ghorofani kwenye vyumba hawakupanda.

Sasa tutazame upande wa pili, maana na sisi tunaosema "waishi mtaani" tuna la kujifunza, na ni chungu zaidi. Afrika Kusini, mwaka 2015, serikali ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na kampuni ya Life Esidimeni iliyokuwa ikiwatunza watu wenye magonjwa ya akili, wakiwamo wenye ulemavu mkubwa wa akili. Walisema wanabana matumizi na kuwarudisha watu kwenye jamii. Mwaka 2016 zaidi ya watu elfu moja walihamishwa kwa haraka, wengi wakapelekwa kwenye vituo vya mashirika madogo. Ndugu wengine hawakuambiwa wapendwa wao wamepelekwa wapi. Taarifa ya msimamizi wa afya wa nchi, Profesa Malegapuru Makgoba, mwaka 2017 ilikuta mashirika 27 yakiendesha kazi hiyo bila leseni halali. Watu walikufa kwa njaa, kwa baridi, kwa kukosa maji na dawa. Hesabu ilifika 144. Machi 2018 Jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliamuru familia zilipwe fidia.

Hapo ndugu zetu tunapata pande mbili za somo moja. Kule Uingereza palikuwa na fedha na kuta, mlango umefungwa. Kule Gauteng palitajwa "jamii", lakini hapakuwa na chakula, dawa wala mtu aliyefundishwa. Kwa hiyo tukiwaomba watu wetu wabaki mtaani, hatuna ruhusa ya kusema "wabaki" kisha tukaenda zetu. Lazima tuseme watabaki na nani, anayejua nini, anayelipwa na nani, na anayekaguliwa na nani.

Nyumba ni yake, msaada ndio unaokuja

Nchi ambazo zimelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu zimefikia kanuni moja nyepesi: tenganisha nyumba na msaada. Katika kituo, kitanda na mhudumu ni kitu kimoja. Ukiteswa na mhudumu, ukilalamika, unapoteza na kitanda. Lakini mtu akiwa kwake, katika chumba ambacho ni haki yake, msaidizi mbaya ndiye anayeondoka. Yeye anabaki.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema hivyo katika ibara ya 19: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, na asilazimishwe kuishi mahali pa namna fulani kwa sababu ya ulemavu wake. Mwaka uliofuata Bunge letu lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, ambayo inataka kamati za watu wenye ulemavu ziwepo mpaka ngazi ya mtaa. Sheria tunayo. Mtu wa kubisha hodi asubuhi ndiye hatuna.

Hapa Afrika Mashariki wapo waliojaribu nyumba ndogo. Jumuiya za L'Arche, zilizoanzia Ufaransa mwaka 1964, zina nyumba Busega mjini Kampala na Nyahururu nchini Kenya, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasaidizi wanaishi, wanapika na kula pamoja. Kuna mengi ya kuiga kwao. Na kuna onyo: mwaka 2020 L'Arche wenyewe walitoa taarifa kwamba mwanzilishi wao, Jean Vanier, mtu aliyeheshimiwa kama mtakatifu, aliwadhulumu wanawake kingono kwa miaka mingi. Walilisema wenyewe, hadharani, na hilo ni la kusifiwa. Kwetu liwe fundisho kwamba jina zuri, kanzu au msalaba visitufanye tuache kukagua.

Sasa njooni kwenye nyumba zetu za Chang'ombe. Wengi wetu tulizaliwa katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na mabomba. Nyumba ile inaweza kumtunza mtu maisha yake yote. Chumba kimoja ni chake. Vyumba viwili vinapangishwa, na kodi yake inasaidia kumlipa msaidizi. Wapangaji wanamzoea. Tunachohitaji ni kuizuia isiuzwe siku arobaini baada ya mazishi, na hilo hufanywa mzazi akiwa hai. Anayeruhusiwa na sheria yake aandike wosia. Kwa Waislamu mafungu ya mirathi yamekwishapangwa, lakini mlango wa wakfu na wa hiba ambayo mzazi huitoa akiwa hai upo, na masheikh wetu wamekubali kutuongoza. Mashauri ya mirathi na ndoa yana kituo chake cha mahakama hapa hapa Temeke. Hakuna sababu ya mtu kuogopa kwenda kuuliza.

Matunzo mema tutayajuaje

Wengi huingia mahali wakatazama sakafu, mashuka na rangi ya ukuta, wakasema panapendeza. Sisi tunaowaogesha watu hawa tunauliza mengine. Tumeyaandika ili kila msaidizi tutakayemwajiri apimwe nayo, na kila mwanachama aweze kuuliza.

Swali la kwanza: nani anaamua? Anaulizwa anataka uji au chai? Anachagua nguo? Akisema hataki kulala saa mbili usiku, mtu mzima yule, analazimishwa? Asiyeweza kusema ana njia zake: anasukuma sahani, anageuza uso, anashika mkono. Msaidizi mzuri amezisoma njia hizo na ameziandika kwenye daftari ili mwenzake anayempokea azijue.

Swali la pili: mwili wake unatazamwa? Takriban mtu mmoja kati ya watano wenye ulemavu wa akili ana kifafa. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla, hata siku mbili, kwa sababu ya safari au kwa sababu imekwisha. Kuikatiza kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Anayepata shida kumeza alishwe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, bila haraka, maana chakula kikiingia kwenye mapafu ni nimonia. Choo kigumu cha siku nyingi nacho kinaweza kuua, na asiyejua kusema anakaa nacho kimya. Uingereza, ambako vifo vya watu hawa huchunguzwa, wamekuta wanakufa takriban miaka 20 mapema kuliko watu wengine, na vifo vingi vingeweza kuzuilika kwa mambo kama haya. Mtu akibadilika ghafla, akawa mkali au mnyonge, tusiseme "ndivyo alivyo". Tumtazame meno, masikio, tumbo. Hospitali yetu ya Rufaa ya Temeke haiko mbali.

Swali la tatu: usalama wake. Tuseme wazi. Wasichana na wavulana wenye ulemavu huu wananajisiwa, na mara nyingi na mtu wa karibu, kwa sababu anajua hawataeleza au hawataaminiwa. Kwa hiyo msichana aogeshwe na mwanamke. Msaidizi mpya asiachwe peke yake mpaka azoeleke na achunguzwe alikotoka. Wafundishwe wenyewe, kwa picha na kwa maneno yao, mahali ambapo mtu hapaswi kugusa. Na likitokea, lisimalizwe kwa kikao cha ukoo na mbuzi wa kuomba radhi. Liende Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi siku ile ile.

Swali la nne: fedha zake. Kodi ya chumba chake, mgawo wake, zawadi yake ya sikukuu, vinaandikwa wapi? Anayeshika fedha asiwe yule yule anayeshika daftari.

Swali la tano: nani anaingia bila kubisha? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Winterbourne View wageni waliishia sebuleni. Sisi tunataka jirani, mjumbe, shangazi na mwanakamati waweze kuingia siku yoyote, saa yoyote ya adabu, mpaka chumbani.

Swali la sita: ana siku? Mtu aliyelishwa, akaogeshwa, akakaa akitazama ukuta kuanzia asubuhi mpaka Magharibi, hajatunzwa. Awe na mahali pa kwenda: kufagia uwanja wa msikiti, kupanga viti kanisani, kumenya vitunguu kwa mama lishe kwa ujira wake, mazoezi ya Special Olympics Tanzania ambayo imewapeleka wanamichezo wenye ulemavu huu mpaka mashindano ya dunia. Sisi ni watu wa mtaa wenye uwanja ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961. Uhuru wa mtu huyu ni mdogo, ni wa kwenda gengeni na kurudi. Lakini ni wake.

Kuhusu Mkuranga

Tukirudi kwenye pendekezo: kituo cha Mkuranga kitapendeza siku ya kufunguliwa. Tutapiga picha. Lakini tujiulize mwaka wa tatu. Nani kati yetu atapanda daladala mbili Jumanne asubuhi kwenda kuona kama wamekula? Jengo linahitaji mlinzi, umeme, kisima, gari, wapishi, wahudumu wa usiku, na harambee ya mwaka mmoja haibebi mishahara ya miaka kumi. Fedha zikipungua, wa kwanza kuondoka ni mhudumu mzuri, anayebaki ni asiye na pa kwenda. Na yule anayeelekeza magari mechi zikiwapo, huko hatakuwa na gari la kuelekeza wala mtu anayemjua jina.

Tumezungumza na mwenye ardhi, naye kwa ukubwa wa moyo amekubali tulilete kwenu hili: eka zile zilimwe au zikodishwe, na mapato yake yaingie kwenye mfuko wa mishahara ya wasaidizi. Zawadi yake itaendelea kutoa kila msimu.

Tunachoomba

Bajeti kamili mtaiona ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Kwa kifupi tunaomba mambo manne.

Kwanza, wasaidizi wa kuajiriwa, wanawake na wanaume, wenye mkataba, mshahara unaolipwa tarehe inayojulikana, likizo na NSSF. Dada wa kazi anayelipwa kwa huruma huondoka kwa hasira, na kila anapoondoka mtu wetu anaanza upya kueleweka. Watafundishwa kwa msaada wa maofisa ustawi wa jamii na wauguzi kabla ya kupewa mtu.

Pili, mahali pa mchana. Si pa kulala. Chumba kikubwa chenye uwanja, hapa hapa Chang'ombe, pa kuja asubuhi na kuondoka alasiri, ili mama apumue na mwana awe na siku. Tuna chuo cha ualimu cha DUCE jirani na VETA jirani. Tutawaomba wanafunzi wao waje kufundisha kwa zamu.

Tatu, fedha kidogo ya kurekebisha nyumba: kishikio chooni, ngazi kuwa mteremko, mlango wa chumba chake na ufunguo wake.

Nne, gharama za wosia, wakfu na ushauri wa sheria kwa familia ambazo wazazi wamezeeka. Hizi ni fedha ndogo kuliko zote na ndizo zitakazookoa nyumba nyingi kuliko zote.

Pia tutaziendea asilimia 2 ambazo halmashauri inatakiwa kuzikopesha vikundi vya watu wenye ulemavu kutokana na mapato yake ya ndani. Wazazi wengi wa kamati hii hawajawahi kuomba. Tunahitaji wenzetu mnaojua kuandika andiko la mradi mkae nasi jioni mbili tatu.

Na mlio mbali mna la kufanya zaidi ya kutuma kwa simu. Kila familia yenye mtu huyu inahitaji mtu wa pili, asiye mzazi, anayemjua: jina lake, dawa zake, anachopenda, kinachomtisha. Binamu aliye Goba aje mara moja kwa mwezi amchukue waende kula chipsi. Akifanya hivyo miaka mitano, siku mama anapofumba macho hatakuwa mgeni anayeletewa mzigo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiubeba hata nusu saa, utajua uzito wake, na utajua pia kwamba mzigo huu hucheka, hukumbuka siku yako ya kuzaliwa, na hukukimbilia kukupokea njiani.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano upige kura juu ya pendekezo hili kabla ya harambee, ili kila atakayetoa shilingi yake ajue imekwenda wapi. Uamuzi wowote mtakaoufanya, tunaomba watu wetu wenyewe waulizwe. Baadhi yao wamekaa safu ya mbele pale, wamevaa vizuri, wamesikiliza muda wote huu bila kutoka, kuliko baadhi yetu. Waulizeni wanataka kuishi wapi. Wanajua.